UZI: Kalenda ya mwaka Unguja na Pemba. Usipange shughuli kwa kalenda ya ukutani peke yake

#1 Mwongo_wa_Mia

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaoandaa shughuli za hadhara Zanzibar na wanaovuka kuja kuzihudhuria: matamasha, mashindano, maulidi, mikutano ya vijijini, harusi kubwa. Kasoro inayojirudia ni moja. Mtu anachukua kalenda ya ukutani, anatia duara Jumamosi fulani, anachapisha mabango, halafu watu hawaji au wanakuja siku isiyo yake. Visiwa hivi vina hesabu tatu za siku zinazokwenda pamoja, na juu yake kuna pepo na maji ya bahari. Ukiifuata moja na kuzisahau nyingine, shughuli inaharibika mapema.

Hesabu ya kwanza ni miladia. Humo zimo sikukuu zisizohama: Mapinduzi 12 Januari, Siku ya Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Nanenane, na zile nyingine za Muungano.

Ya pili ni hijria. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani, Idi mbili na Maulidi hurudi nyuma siku 10 au 11 katika miladia. Baada ya miaka kama 33 hivi zinakuwa zimezunguka misimu yote.

Ya tatu ni ya Nairuzi, hesabu ya manahodha, wakulima na wavuvi. Siku huhesabiwa kwa makumi, kila kumi ni mwongo mmoja. Miongo 36 ni siku 360, zinaongezwa siku 5 za mwisho, jumla 365. Hakuna mwaka mrefu. Ndiyo maana Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne.

Tafadhali kila mwenye ujuzi wa eneo lake aongeze. Tuandike mambo ya kutumika.

#2 Maalim_Falaki

Ahsante kwa kuanzisha. Nitaanza na hijria, kwa sababu miaka hii ndiyo inayobana zaidi.

Kwa hesabu ya falaki, Ramadhani ya 2027 inaingia karibu na 8 Februari, ya 2028 karibu na 28 Januari, ya 2029 karibu na 16 Januari, ya 2030 karibu na 5 Januari, kisha nyingine inaingia karibu na 26 Desemba mwaka huohuo wa 2030. Yaani 2030 ina Ramadhani mbili zinazoanza ndani yake. Weka siku moja mbele au nyuma kwa kila tarehe, kwa sababu ibada hufuata kuandama kwa mwezi.

Kwa hiyo sherehe za Mapinduzi za 2030 na 2031 zitaangukia ndani ya mfungo. Kombe la Mapinduzi huchezwa mwishoni mwa Desemba na katika wiki mbili za mwanzo za Januari. Anayepanga ratiba ya miaka hiyo ajue mechi za saa 10 jioni ni za wachezaji waliofunga na mashabiki wanaowahi futari. Itabidi mechi zisogee baada ya Tarawehe, na hapo ndipo taa za uwanja, usafiri wa usiku na maji ya kunywa vinakuwa sehemu ya bajeti. Mapinduzi yenyewe yalitokea Jumapili ya 12 Januari 1964, mwishoni mwa Shaaban 1383, siku chache kabla ya Ramadhani kuingia. Ukaribu huu kwa hiyo si mgeni, umekwisha kuzunguka.

Jambo la pili ni tafauti ya siku moja. Mwaka 2025 Saudi Arabia walisali Idi-ul-Fitri Jumapili 30 Machi, huku kwetu ikatangazwa Jumatatu 31 Machi. Wapo waliosali siku ya kwanza na wengi waliosali ya pili, na pengine ndani ya mtaa mmoja. Ukipanga tukio la “siku ya pili ya Idi” bila kuandika tarehe ya miladia, umewaita watu siku mbili tafauti. Andika hivi kwenye tangazo: “sikukuu ya pili kwa tangazo la Ofisi ya Mufti wa Zanzibar.” Kisha kodi uwanja kwa siku mbili zinazofuatana tangu mwanzo.

#3 MsafiriDar

Shukrani maalim. Swali: Maulidi ya Maisara husomwa mwezi 12 Mfunguo Sita (Rabiul-awwal), sivyo? Kuna watu walivuka kutoka Dar siku yenyewe ya mapumziko wakakuta uwanja mtupu.

#4 Maalim_Falaki

Walichelewa usiku mmoja, ndugu. Siku ya hijria huanza magharibi. Usiku wa mwezi 12 ni ule unaofuata mchana wa mwezi 11, na maulidi husomwa usiku huo baada ya Isha. Ikipambazuka, shughuli kubwa imekwisha. Kwa anayetoka Dar: boti ya mchana wa mwezi 11, malazi ya usiku huo, kurudi siku ya mapumziko.

Kanuni hiyohiyo inatumika kwa kila shughuli ya usiku inayofuata mwandamo. Usiku wa Idi ni ule wa kutangazwa mwezi. Soko la Darajani linajaa usiku huo hadi karibu na alfajiri, kwa hiyo mwenye gari la mizigo asipange kupita hapo.

#5 Bamvua

Hapa ndipo maji yanapoingia, na ni jambo ambalo waandaaji wengi kutoka mjini hawaliangalii kabisa. Tarehe ya hijria inakueleza maji ya bahari bila kufungua jedwali. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tafauti ya karibu mita 4 hapa Unguja. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na 11, jioni na alfajiri, na hupwa saa 4 asubuhi na usiku, au kupita kidogo. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Ukifika mwezi 7 au 8, na tena mwezi 22 au 23, ni maji mafu: kujaa na kupwa ni kwa kiasi, na saa zimegeuka. Yanajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni.

Sasa itumie hesabu hiyo.

Ngalawa: mashindano upande wa mashariki, Paje hadi Makunduchi, hayawezekani saa ya kupwa kwa bamvua. Maji hutoka mamia ya mita hadi karibu na mwamba na vyombo vinakaa mchangani. Ukitaka mbio za jioni zenye watazamaji ufukweni, chagua mwezi mosi hadi wa 3, au 14 hadi 17. Anza saa 9 maji yakiwa yanapanda, umalize kabla ya saa 12. Ukiweka mwezi 8 saa 10 jioni, utakuwa na umati unaotazama mchanga.

Upepo nao: Julai na Agosti kusi kinavuma kwa nguvu kutoka kusini mashariki, kinasukuma vyombo pwani moja kwa moja. Vyombo vidogo hupasuka tanga au kuvunjika foromali (mti unaoshika tanga) wakati wa kugeuza. Upande wa magharibi, Mji Mkongwe na Bububu, kisiwa chenyewe kinakinga. Disemba hadi Februari ni kaskazi, na mambo yanageuka. Kipindi cha maleleji kati ya pepo mbili hakifai mashindano, upepo unaweza kukatika katikati ya mbio.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi. Mikutano ya hadhara Paje, Jambiani, Bwejuu na vijiji vingine vya mwani huwekwa saa 4 asubuhi kwa sababu ndiyo saa ya ofisi. Ikiangukia bamvua, akina mama wote wako mashambani mwao baharini. Hiyo ndiyo saa yao ya kufunga na kuvuna mwani, na nafasi hiyo wanaipata siku chache tu kila nusu mwezi. Wanaobaki kusikiliza ni wazee wanaume. Halafu ripoti inaandikwa kwamba wanawake hawakujitokeza. Weka mkutano siku za maji mafu, au saa 9 mchana baada ya Adhuhuri, na utawaona.

#6 BintiMakunduchi

Bamvua umesema kweli tupu, na lingekuwa jambo la kwanza kufundishwa kila afisa anayekuja kusini.

Naongeza kuhusu Mwaka Kogwa, maana maelezo mengi ya mitandaoni yanaandika “tamasha la kupigana kwa migomba” na kuishia hapo. Mpangilio wake una hatua, na mgeni akifika saa isiyo yake anaona vumbi tu.

Kwanza wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini hukabiliana uwanjani kwa migomba. Zamani zilitumika fimbo na marungu. Shabaha ni kutoa kinyongo cha mwaka mzima, na anayegombana ni yule mwenye lake na mwenzake. Huku wanawake wakiwa katika nguo mpya wanazunguka wakiimba. Pili, kibanda cha makuti kilichojengwa kwa siku hiyo kinatiwa moto huku kuna watu ndani, wanatoka mbio na moto unazimwa. Imani yake ni kwamba nyumba ikiungua mwaka huo, waliomo watoke salama, na moshi unakoelekea unasomwa. Baadaye watu hutawanyika majumbani kula, kisha ngoma na kuoga pwani. Sherehe huendelea siku kadhaa, ila kibanda ni siku moja. Mgeni anakaribishwa nyumba yoyote, na mwenye nyumba asiyepata mgeni anaona amepungukiwa. Kwa hiyo usije na chakula chako ukakaa garini.

Makosa ya waandaaji wa safari: kufika Makunduchi baada ya kibanda kuwashwa, kusimama upande unaopelekewa moshi na kusi (simama upande wa kusini mashariki wa kibanda), na kuegesha mabasi kwenye njia pekee ya gari la zimamoto. Nguo za heshima ni lazima, ni kijiji hiki si ufukwe wa hoteli.

Kuhusu tarehe: ni baada ya 20 Julai. Kwa hesabu ya siku 365, kila 29 Februari inayopita huirudisha Siku ya Mwaka nyuma kwa siku moja, kisha inatulia hadi mwaka mrefu mwingine. Kwa hiyo 2025, 2026 na 2027 hesabu ni ileile, itabadilika 2028. Usinakili tarehe ya miaka kumi iliyopita. Uliza kamati ya kijiji kabla ya kukata tiketi.

#7 Mwongo_wa_Mia

Nyongeza kwa Binti: usiku wa kuamkia Siku ya Mwaka ni Kibunzi. Na Nairuzi ni ya jua, kwa hiyo haifungamani na maji kama Idi. Mwaka mmoja kuoga pwani kunakutana na maji yaliyojaa, mwingine kunakutana na kupwa. Angalia mwezi wa hijria wa siku hiyo, tumia kanuni ya Bamvua, utajua.

Ilivyo sasa Nairuzi na Ramadhani viko mbali. Mara ya mwisho vilikutana miaka ya 2012 hadi 2014. Havitakutana tena mpaka katikati ya miaka ya 2040.

#8 FundiSauti_Unguja

Upande wa jukwaa. Matamasha mawili makubwa ya Ngome Kongwe yanafaa yasomwe kama mfano wa kalenda kugongana.

Sauti za Busara, la muziki, lilianza 2004 na hufanyika Februari. Mwaka 2004 Ramadhani ilikuwa Oktoba. Kwa hiyo tamasha hili halikuwahi kukutana na mfungo wa Februari hadi miaka hii. 2024 lilikuwa tarehe 9 hadi 11, 2025 tarehe 14 hadi 16, 2026 limesogezwa hadi 5 hadi 8, kabla ya mfungo. Kwa 2027, kabla ya Ramadhani ya tarehe 8, Februari ina wikiendi moja tu iliyobaki wazi. Kwa 2028 mwezi karibu wote ni Ramadhani, na Idi yake inaangukia karibu na 26 au 27 Februari. Wasanii, hoteli na ndege hukodiwa karibu mwaka mmoja kabla, kwa hiyo uamuzi huu hausubiri.

Tamasha la filamu la ZIFF lilikwishapita njia hiyo. Mfungo ulipokuwa Julai, 2014 lilifanyika Juni kabla ya Ramadhani, na 2015 likasogezwa hadi baada ya Idi mwezi Julai. Kuruka mfungo ndiyo njia pekee. Kupunguza sauti hakusaidii, kwani mchana sehemu za kula zimefungwa, usiku watu wako Tarawehe.

Kuhusu umeme. Unguja inalishwa kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ulipoharibika mfumo huo Disemba 2009, kisiwa kizima kilikaa gizani hadi Machi 2010, msimu wa matamasha ukiwa katikati. Mwaka 2008 ilikuwa karibu mwezi mmoja. Waya mpya wa kilovolti 132 umewekwa tangu 2013 na hali ni bora sana, lakini jukwaa la hadhara bado linahitaji jenereta yake. Jenereta ya kVA 20 inatoa kama kW 16. Usiipakie zaidi ya kW 12, acha nafasi ya besi na ya feni za vikuza sauti vinapowaka. Taa zenye vififishaji (dimmer) ziwe kwenye fezi yake na sauti kwenye fezi nyingine, la sivyo utasikia mvumo katika spika usiku kucha. Viungio vyote vifutwe na kukaushwa kila asubuhi, chumvi ya Forodhani hula shaba kwa wiki moja tu.

Skrini za nje ufukweni wakati wa kusi: skrini ya mita 6 kwa 4 ina eneo la mita za mraba 24. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unaisukuma kwa uzito wa karibu kilo 175. Mifuko miwili ya mchanga haitoshi. Weka nanga nne zenye kilo 100 au zaidi kila moja, kamba kwa pembe ya digrii 45, na mtu mwenye jukumu la kushusha skrini kabla ya dhoruba.

Adhana: Mji Mkongwe misikiti imeshikana. Zima majaribio ya sauti kwa Magharibi na Isha, dakika 15 kila moja, na uziandike kwenye ratiba ya wasanii tangu mwanzo. Bendi ikielezwa mapema hakuna ugomvi.

#9 MsafiriDar

Vibali je? Kuna mpangilio?

#10 FundiSauti_Unguja

Anza kwa sheha wa shehia (kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji), kwa barua. Kisha BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni) kwa onyesho lolote la sanaa au filamu, baraza la manispaa kwa uwanja na kufunga barabara, polisi kwa mkusanyiko na maandamano, na Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa kitu chochote kinachofungwa au kupigiliwa katika majengo ya kale. Tangu sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la kale la Forodhani, ilipoanguka 25 Disemba 2020, usitegemee eneo la mbele yake kama uwanja wa watu au wa kuegesha. Anayeruka sheha na kwenda juu moja kwa moja hurudishwa chini, na wiki mbili zimepotea.

#11 Gombani_Kwetu

Watu wa Unguja mmeongea sana, Pemba hatujatajwa.

Kombe la Mapinduzi la 2025 lilichezwa uwanja wa Gombani, Chake Chake, kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes (timu ya taifa ya Zanzibar) wakaifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali ya 13 Januari. Lililojulikana wazi wakati ule ni kwamba ugumu wa Pemba ni vitanda na vyombo vya kuvukia. Chake Chake haina vyumba kama Mjini. Timu, waamuzi, waandishi na mashabiki wakifika pamoja, vitanda vinakwisha hadi Wete na Mkoani. Anayepanga tukio kubwa Pemba ahesabu vitanda kwanza, baadaye tiketi.

Vyombo: siku mbili kabla ya Idi na siku mbili baada yake ndizo za msongamano. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 njiani kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Kwa hiyo usiweke tukio lako siku inayowalazimisha watu kupanda chombo cha mwisho. Tukio la Pemba lililofuata Idi lianze sikukuu ya nne au baadaye.

Karafuu: msimu ukikolea, kuchuma, kuchambua na kuanika hakumwachi mtu. Karafuu zinahitaji jua la siku kadhaa mfululizo, na mvua ikinyesha kila mtu anakimbilia majamvini. Mkutano utakaoitishwa saa hiyo unavunjika. Kwa mwaka wa mavuno makubwa sogeza shughuli za kijiji hadi usiku.

Mchezo wa ng'ombe huwa baada ya mavuno, Disemba hadi Februari, kabla ya masika. Ng'ombe hauawi. Amefungwa kamba, wachezaji wanamchokoza kwa kitambaa, ngoma na nyimbo zinaendelea. Yanayoharibu: kamba iliyochakaa, uwanja usio na miti ya kukimbilia, na wageni wanaosogea kupiga picha upande ambao kamba inafika. Urefu wa kamba ndio mpaka wako. Pima kwa macho, ongeza hatua kumi, usimame hapo.

#12 BintiMakunduchi

Gombani, vipi Ramadhani ikiingia Januari, mchezo wa ng'ombe utabaki na nafasi gani?

#13 Gombani_Kwetu

Kwa 2029 na 2030 nafasi ni ndogo. Ramadhani ya 2029 inamaliza katikati ya Februari, kwa hiyo kuna wiki mbili za mwisho wa Februari, au Disemba ikiwa karafuu zimewahi kwisha. Masika ikianza Machi uwanja ni tope, ng'ombe anateleza na kuvunjika mguu. Mwenye ng'ombe hatamtoa.

#14 Bamvua

Mwaka wa uchaguzi nao uongezwe, kila baada ya miaka mitano, Oktoba. Viwanja vyote vikubwa hushikwa na kampeni wiki nyingi kabla, na magari ya matangazo yanakodiwa na vyama. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulifutwa na kurudiwa 20 Machi 2016, kwa hiyo hata miezi ya baada yake huwezi kuitegemea. Shughuli isiyo ya siasa iwekwe kabla ya Julai.

#15 MsafiriDar

Nipeni jibu la moja kwa moja basi. Kundi la watu 40 kutoka Dar, tunataka bonanza la ufukweni la familia mwaka 2027, mchana mzima, ngalawa jioni. Lini?

#16 Mwongo_wa_Mia

Ondoa 8 Februari hadi karibu na 10 Machi, ni Ramadhani na Idi. Ondoa katikati ya Machi hadi Mei, masika, na Aprili ndio mwezi unaoongoza kwa mvua. Idi-ul-Adh-ha ni karibu na 16 au 17 Mei, boti zimejaa. Wiki ya mwisho ya Januari hadi 7 Februari ni vunja jungu (starehe za mwisho kabla ya mfungo), watu wa hapa wenyewe wamejaa fukweni, utakosa nafasi na magari.

Napendekeza Juni. Muharram unaandama karibu na 6 Juni, hiyo ni bamvua, na mwezi mpevu karibu na 19 Juni, ambayo ni Jumamosi. Chukua hiyo tarehe 19. Maji yanakupwa asubuhi, watoto wanacheza mchangani. Yanajaa saa 10 jioni, ngalawa zinatoka. Kwa sababu ya kusi nenda upande wa magharibi, si Paje. Boti ya kwanza kutoka Dar Ijumaa, kurudi Jumapili. Thibitisha saa kwenye jedwali la maji wiki mbili kabla, na uwe na turubai kwa ajili ya jua la saa 6.

#17 MsafiriDar

Imeandikwa. Tunaanza na barua ya sheha wiki hii.

#18 Bamvua

Mwambieni nahodha idadi ya watoto pia, na kila mtoto awe na jaketi la kuokolea la saizi yake. Ya watu wazima yanawachomoka wakianguka majini.